Utando na Chaji: Jinsi Kipindupindu na Macinya Vinavyokwepa Silaha ya Mwili



Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978, na tangu hapo hakijatuaga. Hupotea kwa muda, kisha hurudi, na kila kirudipo hupita mlemle: tambarare ya Rusizi, mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na ziwa na mito, Rumonge, Nyanza-Lac. Ng'ambo ya maji, Uvira na Kalemie, ndugu zetu wana habari ileile. Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko mwingine hapa Bujumbura na pembezoni mwake. Kuhara damu, ambako Warundi hukuita macinya, nako kuna historia yake. Mlipuko mkubwa ulianza Zaire mwishoni mwa mwaka 1979, ukavuka mipaka hadi Rwanda, Burundi na Tanzania, ukatulia, kisha ukaturudia miaka ya 1990 kwa ukali zaidi. Na Julai 1994, wakimbizi walipomiminika Goma, magonjwa haya mawili yalikuja yakifuatana, kipindupindu kwanza na kuhara damu nyuma yake. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka uliofuata yalisema watu karibu 50,000 walikufa kambini katika mwezi wa kwanza peke yake.

Mambo ya nje ya magonjwa haya mnayajua: maji, choo, mikono, klorini, maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa. Leo sitaongeza neno kuhusu hayo. Nataka tuingie ndani ya utumbo, mahali bakteria anapogusana na mwili kwa mara ya kwanza. Mwili una silaha inayofanya kazi mahali hapo, juu ya utando wa seli, na inaua kwa kanuni za umeme na mafuta. Bakteria wa kipindupindu na bakteria wa macinya wameikwepa silaha hiyo kwa njia mbili tofauti kabisa. Naamini kwamba mtu wa mji huu ana haki ya kuzijua njia hizo, kwa sababu tumezilipia.

Silaha yenyewe ni peptidi. Protini, kama wanafunzi mnavyojua, ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Peptidi ni mnyororo mfupi. Peptidi za kuua vijidudu huwa na asidi amino 12 hadi 50 hivi. Ziko kwenye ngozi, kwenye machozi na mate, kwenye mapafu, ndani ya chembe nyeupe za damu, na kwa wingi kwenye ukuta wa utumbo. Ziko kwenye maziwa ya mama pia. Hata protini moja ya maziwa hayo, laktoferini, inapofika tumboni na kukatwa na kimeng'enya cha pepsini, hutoa kipande chenye nguvu ya kuua kuliko protini nzima. Binadamu ana makundi makuu mawili ya peptidi hizi. Moja ni difensini. La pili ni kathelisidini, na katika kundi hili tunayo moja tu, ijulikanayo kama LL-37, yenye asidi amino 37.

Elimu hii haikuanzia kwa binadamu. Hans Boman na wenzake nchini Sweden walidunga bakteria ndani ya pupa wa nondo mkubwa wa Amerika Kaskazini, wakaona kwamba damu ya pupa hao inapata uwezo wa kuua. Mwaka 1981 walitangaza muundo wa peptidi walizoziita sekropini. Marekani, Robert Lehrer na wanafunzi wake walikuwa wakichambua chembe nyeupe za damu, na mwaka 1985 difensini zikapata jina lao. Halafu akaja Michael Zasloff na chura. Alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika wenye kucha ili kupata mayai ya utafiti, anawashona, anawarudisha kwenye maji yaliyojaa vijidudu. Vidonda vilipona bila usaha. Wengi walikuwa wamewapasua vyura hao kabla yake. Yeye aliuliza kwa nini hawaozi. Mwaka 1987 alieleza peptidi mbili za ngozi ya chura, kila moja ya asidi amino 23, akaziita magainini. Chura yule ni wa kusini mwa Afrika, lakini ndugu yake wa karibu, *Xenopus victorianus*, yumo katika mabwawa na madimbwi ya Burundi, Rwanda, Kivu na Uganda. Watoto wa vilimani humkamata bila kujua kwamba jamaa zake wamejaza rafu za maktaba.

Sasa tuuendee utando, na hapa naomba tutembee polepole.

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 4 hadi 5. Ukipanga utando kama elfu ishirini, mmoja juu ya mwingine, utapata unene wa karatasi moja. Mafuta hayo yana kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Yanajipanga safu mbili: vichwa nje, mikia ndani. Utando wa seli yako na utando wa bakteria vinafanana kwa umbo hilo, lakini vinatofautiana kwa jambo moja, na jambo hilo ndilo linaloamua nani afe. Upande wa nje wa seli ya binadamu umejaa mafuta ambayo vichwa vyao, ukijumlisha chaji zao, havina umeme. Tena yamechanganyika na kolesteroli, inayoubana utando na kuuimarisha. Bakteria hana kolesteroli, na utando wake umejaa vichwa vyenye chaji hasi.

Peptidi za kuua zina chaji chanya. Hiyo ndiyo siri ya uchaguzi wao. Hazihitaji kumjua bakteria kwa jina. Zinavutwa na umeme wake, na zinapita kando ya seli zetu kwa sababu hakuna cha kuzivuta.

Ikiwa majini, peptidi ya aina ya LL-37 au magainini haina umbo thabiti, imelegea. Ikigusa utando hujikunja ikawa msokoto, na katika msokoto huo asidi amino zenye chaji hukaa upande mmoja, zile za mafuta upande wa pili. Upande wa chaji unashikana na vichwa vya mafuta ya bakteria. Upande wa mafuta unazama kati ya mikia. Peptidi inalala hivyo, ubavu kwa ubavu na utando, na kila moja inayolala inavisukuma vichwa kando kidogo. Utando unatanuka na kupungua unene. Peptidi chache hazifanyi kitu. Zikiongezeka, zinafika kiwango fulani, na hapo mambo hubadilika ghafla: utando unatoboka. Zinahitajika mamilioni ya molekuli kwa bakteria mmoja, ndiyo maana mwili huzimwaga kwa wingi mahali padogo, kwa mfano chini ya mifereji ya ukuta wa utumbo ambako seli maalumu zinazitunza kwenye vifuko.

Ni kwa namna gani unatoboka? Wataalamu wamegombana juu ya hili kwa miaka mingi. Baadhi ya peptidi husimama wima na kuzunguka tundu, kama mbao za pipa. Magainini, kwa mujibu wa kazi ya Katsumi Matsuzaki huko Japani na ya Huey Huang huko Texas, hutengeneza tundu ambalo ukuta wake ni mchanganyiko wa peptidi na vichwa vya mafuta vilivyopindishwa hadi safu ya juu ikaungana na ya chini. Yechiel Shai wa Israel alipendekeza njia ya tatu: peptidi hutandazwa juu ya utando mpaka ukafunikwa, kisha utando ukavunjika vipandevipande. Kwa maoni yangu ugomvi huu umekuzwa kupita kiasi. Peptidi ileile, kwa kiwango kingine au kwenye utando wa mafuta mengine, inaweza kubadili mwenendo. Na zipo zinazopita utando bila kuuvunja na kwenda kuua ndani, kwa kushika DNA au mashine ya kutengeneza protini.

Tundu likipatikana, potasiamu inavuja nje na haidrojeni inaingia. Hapa kuna tofauti nyingine kati yetu na bakteria. Seli yako hutengeneza nishati yake ndani, katika mitokondria. Bakteria hana mitokondria. Hutengeneza nishati kwenye utando wake huohuo unaomzunguka, kwa kutumia tofauti ya umeme kati ya ndani na nje. Utando ukivuja, mitambo yake yote inazimika papo hapo.

Mtu anaweza kuuliza: tumejuaje kwamba peptidi inashambulia mafuta, na si protini fulani iliyomo kwenye utando? Jaribio lililonishawishi mimi ni la mwaka 1990, la Bruce Merrifield wa Chuo Kikuu cha Rockefeller akishirikiana na Boman. Asidi amino huweza kuwa na sura mbili, ya kushoto na ya kulia, na viumbe hujenga protini zao kwa ile ya kushoto. Walitengeneza sekropini na magainini kwa asidi amino za kulia tupu. Kama peptidi ingekuwa inaingia kwenye protini fulani iliyoumbwa kuipokea, sura ya kinyume isingeingia, na bakteria angepona. Hakupona. Peptidi za kulia ziliua sawasawa na za kushoto. Hilo haliwezekani isipokuwa kinacholengwa ni utando wenyewe, kwa chaji yake na mafuta yake. Sijui jaribio jingine katika fani hii linalosema mengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Mnaotengeneza sabuni ya mawese mtakuwa mmeshaona jambo. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta. Inajipenyeza katika utando na kuutawanya, na hiyo ni sehemu ya kazi inayofanya mikononi mwako. Lakini sabuni haichagui. Ingefanya hivyohivyo kwa seli zako, ndiyo maana hainyweki. Sumu ya nyuki iko karibu na sabuni kwa tabia hii: melitini, peptidi yake kuu ya asidi amino 26, hupasua hata chembe zetu nyekundu za damu. Kilicho adimu katika LL-37 na magainini ni uwezo wa kupasua huku zikichagua. Uchaguzi huo nao si kamili: zikizidi sana, zinaweza kuumiza na seli za mwili wenyewe.

Bakteria wanaotuhusu leo, *Vibrio cholerae* na *Shigella*, wana tando mbili, wa nje na wa ndani. Safu ya juu ya utando wa nje imejengwa kwa lipopolisakaridi, molekuli kubwa ambayo kitako chake huitwa lipidi A. Lipidi A ina fosfati mbili, zote za chaji hasi. Chaji hasi hufukuzana, kwa hiyo bakteria huzifunga kwa magnesiamu na kalisi, ambazo zina chaji chanya mbili kila moja na hukaa katikati ya majirani. Peptidi inapofika huzing'oa magnesiamu na kalisi na kukaa mahali pake. Kwa kuwa yenyewe ni kubwa zaidi, utando unalegea, na peptidi nyingine zinapita. Robert Hancock wa Vancouver aliielezea njia hii kwa kina: peptidi hujifungulia mlango yenyewe.

Mlango huohuo ndio uliobadilishwa na kipindupindu.

Kipindupindu kina matawi mawili. Lipo la kale, na lipo linaloitwa El Tor, kwa jina la kituo cha karantini cha Rasi ya Sinai ambako Felix Gotschlich alilitenga mwaka 1905 kutoka kwa miili ya mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka. Kipindupindu kilichoangamiza Unguja mwaka 1869, ambacho tabibu James Christie alifuatilia njia zake za misafara katika kitabu chake cha mwaka 1876, kwa kila dalili kilikuwa cha tawi la kale. Cha El Tor kilianza safari yake kubwa Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, kikafika Afrika Magharibi mwaka 1970, na ndicho kilichotufikia sisi mwaka 1978. Maabara kwa miaka mingi zilitofautisha matawi haya kwa jaribio rahisi: unapanda bakteria kwenye sahani, unaweka juu yake diski ya karatasi yenye yuniti 50 za polimiksini B, unasubiri hadi kesho. La kale hufa na kuacha duara tupu kuizunguka diski. El Tor huota hadi kwenye ukingo wa karatasi.

Polimiksini ni peptidi. Inatengenezwa na bakteria wa udongoni, ina chaji chanya tano na mkia wa mafuta, na inashambulia lipidi A kwa njia niliyoieleza. Kwa hiyo jaribio lile la kutofautisha matawi lilikuwa, bila watu kulitazama hivyo, jaribio la nani anaweza kustahimili peptidi.

Sababu ilijulikana mwaka 2012, kwa kazi ya kundi la Stephen Trent, Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. El Tor ana protini tatu, AlmE, AlmF na AlmG, zinazochukua glisini na kuibandika kwenye lipidi A. Glisini ni asidi amino ndogo kuliko zote. Kila inapobandikwa huleta chaji chanya moja mahali palipotakiwa kuwa na hasi. Utando wa nje unapoteza mvuto wake; peptidi zinakuja, hazipati pa kushika. Tawi la kale lina jeni zilezile, lakini moja imeharibika katikati, protini yake haikamiliki. Glisini ileile ambayo mwili hujengea peptidi zake ndiyo ambayo kipindupindu hujikinga nayo dhidi ya peptidi. Sisemi kwamba glisini peke yake ndiyo iliyoifikisha El Tor Rumonge. Bakteria hawa wana sifa nyingi, na uwezo wao wa kuishi muda mrefu majini una sehemu yake kubwa. Lakini katika utumbo wa mtu, dakika za mwanzo, chaji ile ina uzito.

Macinya ni habari nyingine kabisa, na naiogopa zaidi.

Ili mtu mwenye afya augue kipindupindu, kwa kawaida humeza bakteria mamilioni. *Shigella* kumi hadi mia wanatosha. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni asidi ya tumboni, ambayo *Shigella* huivumilia. Lakini hata akishapita tumbo, bado anapaswa kufika kwenye ukuta wa utumbo mpana uliopakwa LL-37 na difensini, na wachache kiasi hicho walipaswa kufa. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden na wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, Bangladesh, walichapisha kazi iliyoeleza kwa nini hawafi. Walichukua vipande vidogo vya ukuta wa utumbo kutoka kwa wagonjwa wa *Shigella*. Mahali ambapo seli zilitakiwa kujaa LL-37, palikuwa patupu au karibu patupu, tangu siku za mwanzo za ugonjwa. Bakteria hakujibadilisha yeye. Aliziamuru seli za mgonjwa ziache kutengeneza silaha.

Si hilo tu. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba difensini ya tano ya utumbo wetu, ambayo huua vijidudu wengi, inamsaidia *Shigella* kujibandika kwenye seli na kuingia ndani. Peptidi inamshika bakteria kwa umeme, kama kawaida yake, ila haimtoboi; inamkaribisha.

Sasa yawekeni mawazo hayo kando ya yale yaliyotupata. *Shigella dysenteriae* aina ya kwanza, yule aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga huko Japani katika mlipuko wa mwaka 1897, ndiye aliyekuwa hapa. Utafiti kuhusu Burundi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba bakteria wa mlipuko wetu walikuwa sugu kwa dawa zote za kumeza ambazo nchi iliweza kuzimudu, pamoja na asidi ya nalidiksi iliyokuwa tegemeo la mwisho. Mgonjwa alikuwa na bakteria asiyesikia dawa za duka, na palepale bakteria huyohuyo alikuwa amezima dawa ya mwili. Waliokuwa wauguzi wakati huo wanakumbuka hali za wodi. Mimi ninaeleza tu kwamba nyuma ya hali zile kulikuwa na njia mbili zilizozibwa kwa pamoja.

Kwa nini basi tusitengeneze peptidi viwandani tuzifanye dawa? Wamejaribu. Pexiganan, iliyotokana na magainini ya chura, ilitengenezwa iwe ya kupaka kwenye vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa kuwa haikuonekana kuzidi dawa zilizokuwepo. Peptidi ni ghali kuzitengeneza, huliwa na vimeng'enya vya mwili, na zikiingizwa kwenye damu kwa wingi zinaweza kudhuru. Ndugu wa polimiksini, kolistini, hutumika mahospitalini kama kimbilio la mwisho ingawa huumiza figo. Na hata huko tumeanza kupoteza. Mwaka 2015 watafiti nchini China walieleza jeni ya mcr-1, iliyo kwenye kipande cha DNA kinachohama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Kazi yake ni ileile mliyoisikia: kubandika kitu chenye chaji chanya kwenye lipidi A. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe. China iliipiga marufuku kwa matumizi hayo mwaka 2017. Ninasema kwa uchungu: dawa ya mwisho ya mgonjwa mahututi haikupaswa kuwa kirutubisho cha mifugo hata siku moja, na nchi yoyote ya kanda yetu inayoiruhusu hivyo inajichimbia shimo.

Njia inayonipa matumaini ni ya kuziamsha peptidi zilizomo mwilini. Watafiti wa Dhaka, wakiongozwa na Rubhana Raqib, walionyesha mwaka 2006 kwamba sungura wenye *Shigella* wakipewa butireti, seli za utumbo wao hurudia kutengeneza kathelisidini yao, na hali yao hutengemaa. Butireti ni asidi fupi ya mafuta, na utumbo mpana una butireti yake wenyewe: bakteria wema wanaoishi humo huitengeneza wanapochachusha wanga ambao haukusagwa juu. Wanga wa namna hiyo umejaa katika ndizi mbichi. Hukohuko Bangladesh, G. H. Rabbani na wenzake waliwapa watoto wenye *Shigella* ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na siprofloksasini, wakawalinganisha na waliopewa dawa bila ndizi. Dalili za waliokula ndizi zilipungua upesi zaidi.

Ndizi! Nchi hii ina migomba kila kilima. Nawaomba msinielewe vibaya: mtu anayehara damu aende kituo cha afya, leo hii, na ndizi si badala ya dawa wala ya maji ya chumvi na sukari. Ninachosema ni kwamba swali la kiasi gani cha butireti kinapatikana kutokana na ndizi yetu ya inyamunyo, ikichemshwa jinsi tunavyoichemsha, na ikiliwa na maharage kama tunavyoila, ni swali la kisayansi lililo halali kabisa, na Chuo Kikuu cha Burundi kina wanakemia wa kulijibu.

Liko swali la pili, na hili ni la Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma hapa mjini, pamoja na maabara za Uvira na Kigoma zinazopokea sampuli za ziwa hilihili. Nimewaeleza kwamba El Tor hustahimili polimiksini kwa sababu ya glisini. Kuanzia mwaka 2012 hivi, watafiti wa Kolkata, India, waliona jambo lisilotarajiwa: El Tor waliokuwa wakifa mbele ya polimiksini walianza kuonekana kwa wagonjwa, wakaongezeka mpaka wakachukua nafasi ya wale sugu. Badiliko dogo katika jeni ya vprA, inayoongoza kazi ya kubandika glisini, lilikuwa limeizima kazi hiyo. Bakteria ameiacha kinga yake na bado anawafanya watu waugue. Hilo linaivuruga hadithi yangu ya leo, na ninafurahi kwamba linaivuruga, kwa sababu maana yake kinga ile ina gharama ambayo bado haijapimwa vizuri, na kwamba katika mazingira fulani gharama hiyo inazidi faida.

Kujua El Tor wa Tanganyika yuko upande gani hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji sahani, diski ya polimiksini ya yuniti 50, jiko la kuoteshea la nyuzi 37 na mtu wa kusoma matokeo asubuhi yake. Jaribio hilo liliachwa na maabara nyingi kwa kuwa El Tor alikuwa ameshatawala, na kila mtu alijua jibu. Sasa jibu halijulikani tena. Kila sampuli ya kipindupindu inayothibitishwa katika kanda hii iwekewe diski hiyo, na matokeo yaandikwe pembeni ya mahali ilikotoka: Gatumba, Kajaga, Rumonge, Uvira, Kigoma. Ikitokea duara hata kwa sampuli moja, bakteria huyo atunzwe kwenye baridi na jeni yake ya vprA isomwe.

Niko tayari kwa maswali yenu, na ningependa wauguzi waanze.